Chipu Iliyochemka na Shilingi 280,000 za Kubahatisha

Nukta za kwanza zilijitokeza mwezi Julai 2023, juu ya paa la nyumba ambayo ilikuwa bado haijajengwa. Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba, ninaishi na kufanyia kazi Luchelele, jijini Mwanza, katika chumba ambacho dirisha lake linatazama Ziwa Victoria, na usiku huo nilikuwa nikikamilisha kwenye kompyuta picha ya nyumba ya vyumba vinne kwa ajili ya mama mmoja anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, aliyekuwa amenunua kiwanja chenye mteremko na miamba kule Kiseke. Nilipoligeuza paa ili nilitazame kwa upande wa nyuma, zikatokea nukta za kijani na zambarau, kana kwamba mtu amemwaga shanga juu ya mabati, zikakaa sekunde chache, kisha zikapotea. Nilidhani ni kasoro ya programu. Niliifunga, nikaifungua tena, nikaendelea na kazi hadi saa nane ya usiku.

Katika miezi mitano iliyofuata nililipa shilingi 280,000 kwa mafundi na vipuri ambavyo ama havikuhusiana kabisa na ugonjwa wenyewe, ama viliutuliza kwa siku chache tu. Sikuwa mgeni wa kompyuta. Nimeishi nazo tangu nilipokuwa chuoni. Nilichokuwa sikijui ni kwamba chipu ya michoro, ile inayounda picha za kwenye kioo, inapokufa kwa joto hutoa dalili zake mapema, na kwamba sehemu kubwa ya dalili hizo unaweza kuzipima mwenyewe nyumbani kabla hujatoa hata shilingi moja mfukoni.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mpakato, yaani laptop, mtumba ulioingia nchini kutoka Ulaya, niliyoinunua Machi 2021 kwa shilingi 900,000. Jina la kampuni nitaliacha. Kilichonivutia ni kwamba ilikuwa na chipu ya michoro ya kujitegemea, iliyo mbali na prosesa, yenye nguvu ya kurenda, yaani kuitoa picha ya mwisho ya nyumba ikiwa na mwanga, vivuli na bustani, ile ambayo mteja akiiona analipa awamu ya pili bila kusukumwa. Kurenda picha moja kulichukua saa mbili hadi tatu, na muda wote huo chipu hufanya kazi kwa nguvu zake zote. Kwa miaka miwili na miezi minne nilikuwa nikiianzisha kazi hiyo usiku, ninalala, ninaamka asubuhi kukuta picha iko tayari. Sikuwahi kuifungua kompyuta hata mara moja kuisafisha.

Mazingira niliyoiweka nayo yalikuwa mabaya kuliko nilivyotambua. Chumba changu hakina dari. Juu ni bati tupu, na ifikapo saa tisa alasiri hewa ya ndani huwa nzito kiasi cha mtu kutoka nje kutafuta kivuli. Juu ya meza mke wangu alikuwa ametandika kitambaa cha kufuma, kizuri, chenye maua yaliyoinuka, na matundu ya kuvutia hewa ya kompyuta yale yaliyo chini yalikuwa yamelala moja kwa moja juu ya maua hayo. Kisha wako wadudu. Wanaoishi ufukweni wanawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka kutoka ziwani kwa makundi makubwa, ambayo kwa mbali utadhani ni moshi unaotoka majini, na usiku hufuata taa yoyote iliyowashwa. Kioo cha kompyuta kikiwaka peke yake chumbani saa saba ya usiku, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya joto, basi hiyo ndiyo taa yao, na chini ya taa hiyo kuna feni inayovuta hewa ndani bila kupumzika.

Dalili hazikuwa nukta pekee. Feni ilikuwa imeanza kunguruma kama mashine ya kusaga hata ninapoandika barua ya kawaida. Sehemu ya juu ya kibodi, karibu na bawaba, ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuweza kuacha kidole pale. Kurenda kulikokuwa kukichukua saa mbili sasa kulichukua tatu na nusu, kwa sababu, kama nilivyokuja kuelewa baadaye, chipu ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi ili isiungue. Na mara mbili kompyuta ilizimika yenyewe usiku, nami nikausingizia umeme. Hapo ndipo ninapojicheka hadi leo: kompyuta mpakato yenye betri nzima haizimiki kwa sababu umeme umekatika.

Mwanzoni mwa Agosti nukta zilikuwa zimegeuka mistari ya kusimama, nikaipeleka kwa fundi wa kwanza katikati ya jiji. Aliiwasha, akaitazama kwa dakika mbili, akasema, "Windo imechoka hii, bosi. Tunapiga upya, inakuwa mpya kabisa." Windo ni Windows, programu inayoiendesha kompyuta. Aliniuliza kama nina vitu muhimu, nikamjibu kwamba kazi zangu zote zipo kwenye sehemu ya pili ya diski, ile ya D, kwa hiyo aifute C tu. Sijui kama alinisikia au alisahau katikati ya wateja wengine. Niliporudi jioni alikuwa amezifuta sehemu zote mbili na kuzifanya moja. Nililipa shilingi 20,000 na kurudi nyumbani na kompyuta safi, isiyo na ramani hata moja. Siku ya pili mistari ilirudi.

Nilikuwa na flashi yenye nakala za kazi hadi mwezi Mei. Kwa zile za Juni na Julai nilitumia programu ya kurejesha mafaili yaliyofutwa, na hapa sina budi kueleza jambo ambalo liliniokoa kwa kiasi fulani: diski ya kawaida inayozunguka ikifutwa kwa njia ya haraka, vilivyomo haviondoki siku hiyo hiyo, bali nafasi yao hutangazwa kuwa wazi, na huharibika pale tu kitu kipya kinapoandikwa juu yake. Kwa hiyo ukigundua hasara ya namna hii, acha kuitumia diski hiyo papo hapo, usiiwekee programu, usipakue kitu. Mimi nilikuwa nimeshaitumia siku mbili, na windo jipya lenyewe lilikuwa limekalia sehemu kubwa. Nilipata mafaili kadhaa yaliyopoteza majina yao, na ramani ya mama wa Mwaloni ikawemo, lakini haikufunguka.

Kumwambia ilikuwa kazi ngumu kuliko kulipa fedha yoyote katika habari hii. Nilimkuta sokoni asubuhi, nikazunguka maneno, naye akanikata: "Mwanangu, niambie moja. Ramani yangu ipo au haipo?" Nikamwambia haipo. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama ile karatasi niliyompa mwezi wa sita, aliyoichorachora kwa penseli kuonyesha anapotaka jiko la nje na stoo ya dagaa, ingenisaidia. Kumbe alikuwa ameikunja na kuihifadhi kwenye sanduku lake la kanga. Nakala ya mama yule, iliyonukia dawa ya nondo ya sandukuni, ndiyo iliyoniwezesha kuichora upya nyumba nzima kwa siku tatu, tena vipimo vyote vikiwa sahihi.

Niliichora, hata hivyo, kwenye kompyuta ile ile mgonjwa, nikiwa ninaipa mapumziko kila baada ya nusu saa. Mapema Septemba mistari ilijaa kioo kizima. Fundi wa pili, naye wa mjini, alisema kosa ni la kioo, akanibadilishia kwa shilingi 130,000 pamoja na ufundi wa 20,000. Tuliijaribu dukani kwake kwa dakika kumi, ikawa safi kabisa, nikaondoka nikiwa na furaha ya mtu aliyepona homa. Usiku, baada ya saa moja ya kazi, mistari ikarudi kwenye kioo kipya kama ilivyokuwa kwenye kile cha zamani. Kilichotudanganya ni ubaridi: nilikuwa nimeibeba kompyuta ikiwa imezimwa tangu jana yake, na chipu yenye maungio yaliyopasuka mara nyingi hufanya kazi vizuri ikiwa baridi, kisha huonyesha ugonjwa inapopata moto. Jaribio la dakika kumi halithibitishi chochote.

Tarehe 14 Septemba niliiwasha asubuhi, taa ya chaji ikawaka, feni ikazunguka, na kioo kikabaki cheusi.

Fundi wa tatu angalau aliutaja ugonjwa kwa jina lake. Alisema chipu ya michoro imeachia, na dawa yake ni kupiga bloa, yaani kuifungua kompyuta, kuutoa ubao mama, ule ubao mkuu unaobeba chipu zote, na kuielekezea chipu hewa ya moto kali hadi lehemu iliyo chini yake ishike tena. Alitoza shilingi 70,000. Nilikaa pale nikitazama: hakuwa na kipimajoto, alikuwa akikadiria kwa macho, akizungusha mdomo wa bloa juu ya chipu huku amezungushia karatasi ya foili vitu vya jirani. Ilipowashwa ikawaka, picha safi, rangi zote. Ningemkumbatia.

Ilidumu siku 19.

Kosa langu kubwa kuliko yote liko ndani ya siku hizo 19. Kompyuta iliyorudishwa kwa bloa ni mkopo wenye tarehe ya kurejeshwa ambayo hukuambiwa, na jambo la kwanza la kufanya ni kutoa kila kitu chako ndani yake siku hiyo hiyo. Mimi nilichukua kazi mpya. Niliahidi picha za nyumba ya wageni kwa mteja aliyekuwa akienda benki kuombea mkopo, na kioo kilipokuwa cheusi tena mwanzoni mwa Oktoba, picha zake zilikuwa ndani. Nikarudi kwa fundi yule yule, tukapatana 40,000 kwa kuwa "ni marudio", ikawaka kwa siku nne. Mteja alitafuta mchoraji mwingine. Hiyo ilikuwa kazi ya shilingi 350,000, nami sijaihesabu katika ile 280,000 niliyoitaja mwanzo.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kusoma usiku kwenye simu, na nikakutana na ushauri wa watu wanaoweka ubao mama ndani ya oveni ya jikoni kwa dakika kadhaa. Jirani yangu, ambaye ana moyo wa kusaidia kuliko kiasi, akasema oveni hatuna lakini sufuria yenye mchanga juu ya jiko la mkaa inapika keki vizuri, kwa nini isipike chipu. Namshukuru mke wangu aliyeuliza kama sufuria hiyo tungeipikia tena wali. Ubao huo una plastiki, gundi na kemikali ambazo zikipata moto hutoa moshi usiofaa kuvutwa wala kugusana na chombo cha chakula, na vikondensa vyake vinaweza kuvimba au kupasuka. Tuliacha.

Aliyenitoa gizani ni fundi wa nne, mzee mwenye chumba kidogo Mabatini, ambaye nilielekezwa kwake na kijana anayenichapia ramani. Alianza kwa kunitajia ada ya uchunguzi, shilingi 15,000, ambayo nitailipa hata kama hakuna kitakachotengenezwa. Mafundi watatu waliotangulia walichunguza bure, na sasa nikitazama nyuma naona kwamba anayechunguza bure hana budi kurudisha muda wake kwenye matengenezo, kwa hiyo lazima kipatikane cha kutengeneza. Yule mzee alikuwa amelipwa kwa kuniambia ukweli, akaniambia.

Aliuacha ubao upoe, akaiwasha mara kadhaa hadi ikashika, akaunganisha runinga kwa waya wa HDMI. Mistari ikaonekana kwenye runinga pia. "Kioo ulichobadilisha kilikuwa kizima," akasema. Akanionyesha kwamba mistari ilikuwapo tangu nembo ya kampuni inapotokea, kabla windo halijaanza kupakia. "Na windo halikuwa na kosa." Shilingi 170,000 zilikufa katika sentensi hizo mbili. Kisha akaifungua, akaitoa feni, na kati ya feni na mapezi ya shaba yanayopoza, ambayo kazi yake ni ile ile ya radieta ya gari, akavuta kwa kibanio kitu kama kipande cha blanketi la mtoto: vumbi lililoshikamana na mabawa ya wadudu wa ziwani, tabaka juu ya tabaka, miaka yangu yote miwili na ushee. Hewa ilikuwa haina pa kupita.

Nilimwomba anipigie bloa yenye kipimo, kwa kuwa nilimwona anayo. Alikataa.

"Kijana wangu, kwako kuna bati?"

"Lipo, mzee."

"Jioni jua likizama, hulisikii likilia?"

Nikamwambia nalisikia kila siku.

"Linalia kwa sababu mchana lilitanuka na jioni linarudi, lakini mbao iliyo chini haitanuki sawa nalo. Misumari ndiyo inayoumia. Miaka ikipita, misumari inalegea, na mvua inaingia. Sasa chipu yako ni bati, kibao chake ni mbao, na kati yao kuna misumari mamia, midogo kuliko chembe ya chumvi."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo popote. Silikoni ya chipu hutanuka kidogo sana inapopata joto, ilhali kibao inachokalia hutanuka mara kadhaa zaidi, na vijidonge vya lehemu vinavyoviunganisha ndivyo vinavyonyongwa kila unapowasha na kuzima. Kadiri tofauti ya moto na baridi inavyokuwa kubwa, ndivyo vinavyopasuka upesi. Na mara nyingi mpasuko huwa kwenye vijidonge vya juu kabisa, vile vilivyo kati ya silikoni na kibao chake, ndani ya chipu yenyewe, mahali ambapo fundi hawezi kupafikia. Bloa huitanua sehemu hiyo hadi nyufa zigusane tena, lakini kugusana si kuungana. Kwa sababu hiyo hata kazi ya kuing'oa chipu, kuiwekea lehemu mpya chini na kuirudisha, ambayo ni ya gharama zaidi, haisaidii kama chipu ni ile ile ya zamani. Kinachoponya ni chipu mpya, iliyofungwa kwa mashine inayopasha ubao juu na chini kwa hatua zilizopimwa. Lehemu ya zamani yenye madini ya risasi huyeyuka nyuzi 183 za selsiasi. Ile isiyo na risasi, iliyoenea baada ya Umoja wa Ulaya kuizuia risasi katika vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006, huhitaji karibu nyuzi 217. Tofauti hiyo haikadiriwi kwa macho.

Nilisoma baadaye kwamba ugonjwa huu umewahi kuwagharimu hata wakubwa. Julai 2008 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta mpakato zilizokuwa zikifa kupita kawaida kwa sababu ya udhaifu katika malighafi za kuifungia silikoni, na Februari 2015 Apple ilianza kutengeneza bure MacBook Pro zilizouzwa kati ya Februari 2011 na Desemba 2013 zilizokuwa na matatizo ya picha. Yangu haikuwa miongoni mwa hizo, na hata kama ingekuwemo, muda ungekuwa umeshapita. Lakini anayenunua mtumba wa miaka ya nyuma afanye hivi: alitafute jina kamili la modeli kabla ya kulipa, aone kama ina historia ya namna hiyo.

Mzee aliniuliza pia swali ambalo hakuna aliyeniuliza kabla: kompyuta ina chipu moja ya michoro au mbili? Kompyuta nyingi mpakato zina uwezo wa michoro ndani ya prosesa, na ile chipu ya nguvu huja kama nyongeza. Katika hizo, ile ya nguvu ikiugua, mara nyingi unaweza kuizima kwenye mipangilio ya vifaa vya windo au kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla windo halijaanza, ukaendelea kuandika, kufanya mahesabu na hata kuchora ramani za kawaida kwa ile ndogo, kwa miaka. Rafiki yangu wa Nyegezi anaishi hivyo hadi sasa. Yangu ilikuwa imeunganishwa kwa chipu ya nguvu peke yake. Ikifa, kioo hakina kitu kingine cha kukilisha. Wakati nanunua niliona hiyo ni sifa.

Gharama ya chipu mpya, kwa kuagizia kupitia Dar es Salaam na kufungiwa huko kwa mashine, ilikuwa shilingi 320,000, dhamana ikiwa ya siku 30. Mzee hakunishauri nikatae wala nikubali. Aliniambia nijiulize kompyuta hiyo ingeuzwa bei gani ikiwa nzima leo, nikatembea kutoka Mabatini hadi mjini nikiwaza. Isingefika 500,000. Nikaamua isitengenezwe.

Diski aliitoa kwa dakika tano, akaiweka kwenye kasha la nje la shilingi 20,000, nikaichomeka kwenye kompyuta ya kijana wa kuchapa, na mafaili yote yakawa pale, pamoja na picha za nyumba ya wageni ambazo zilikuwa hazina tena mwenyewe. Ningeweza kufanya hivyo tarehe 14 Septemba. Chipu ya michoro ikifa haiigusi diski. Hofu kwamba kioo cheusi kimemeza kazi zako ndiyo inayomfanya mtu akubali kila anachoambiwa. Angalizo moja tu: kama diski imefungwa kwa nywila ya usimbaji, hakikisha ufunguo wake umeuandika mahali pengine mapema.

Niliuza kioo kile kipya, ramu na chaja kwa jumla ya shilingi 165,000. Mwezi Desemba nilinunua kompyuta ya mezani, mtumba pia, kwa 620,000, kioo chake 110,000, na kwa kuwa ilikuwa miezi ya mgao wa umeme, nikaongeza UPS, betri ya akiba ya kompyuta, ya 190,000. Hiyo ya mwisho iliniuma, na ni hasara ya kweli ya kuhama kutoka mpakato: umeme ukikatika nina dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, basi. Kubeba kompyuta kwenda kumwonyesha mteja kiwanjani nako kumekwisha. Ninakwenda na karatasi. Lakini kadi yake ya michoro imechomekwa tu na kukazwa kwa skrubu moja. Ikifa naichomoa, nanunua nyingine. Kabla ya kulipa niliomba ifunguliwe, nikaitazama kadi kwa tochi ya simu nikitafuta ule ute wa njano unaong'aa kandokando ya chipu, ambao huachwa na dawa ya kulehemu mtu anapopiga bloa, kisha nikairendea nyumba ya majaribio kwa nusu saa nzima huku programu ya kupima joto ikiwa wazi. Muuzaji alichoka kunisubiri. Joto lilipanda hadi nyuzi 71 likatulia hapo, nikatoa fedha.

Kwa mwenye mpakato ambayo bado ni nzima, ningemsihi aweke leo programu ya kupima joto, HWMonitor au GPU-Z, zote ni za bure, na aandike namba anazoziona kompyuta ikiwa imetulia na ikiwa kazini, ili mwaka ujao awe na cha kulinganisha. Ile yangu, siku mzee alipoipima kabla ya kuisafisha, ilifika nyuzi 101 ndani ya dakika nane. Ikizidi 90 mara kwa mara, kazi isubiri. Matundu ya chini yanahitaji hewa. Vifuniko viwili vya chupa za soda chini ya kona za nyuma vinatosha kuinua kompyuta, na hakuna kifaa cha kununua kilichonisaidia kuliko hivyo katika wiki zile za mwisho. Usafishe kwa brashi laini kila miezi mitatu ukiwa karibu na ziwa, huku umeishika feni isizunguke, na pesti ile ya kupitisha joto iliyo kati ya chipu na shaba ibadilishwe inapokauka, jambo ambalo fundi mwaminifu hulifanya kwa bei isiyofikia hata nusu ya bloa moja. Na ukiona nukta za rangi, piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe uitume kwenye simu: ukizikuta nukta ndani ya picha hiyo, usikubali mtu akuuzie kioo.

Mama wa Mwaloni alichukua ramani yake kabla ya Krismasi, akailipia yote, akaomba nakala mbili. Moja ilikwenda kwa fundi ujenzi. Nyingine sikuuliza.

Jumamosi iliyopita nilifungua ubavu wa kompyuta ya mezani nikatoa kiasi cha kijiko kimoja cha wadudu kutoka kwenye feni ya mbele, ambayo nimeifunika kwa kipande cha neti ya chandarua kilichobaki. Kitambaa cha kufuma kipo bado. Sasa kinafunika printa, nayo huzimwa saa kumi na mbili jioni.